Bwawa la Milimani: Mwongozo Kamili wa Kwenda, Kufurahia Maji na Kurudi Salama

Kwenye picha, bwawa la milimani na ziwa la asili hufanana kama mapacha. Maji ya buluu, miteremko yenye misitu, vilele kwa nyuma. Lakini ziwa limejikalia pale lenyewe, na bwawa limewekwa pale na watu ili lifanye kazi: kunywesha mji, kumwagilia mashamba, kufua umeme, au yote matatu kwa pamoja. Kuna mtu, pengine akiwa mbali sana na hapo, anayeamua leo maji yapande au yashuke. Nimekwenda kwenye mabwawa ya namna hii kwa miaka mingi, kuvua, kupiga makafi, kutembea na kulala hemani, na karibu kila kosa nililofanya au nililoona likifanywa lilitokana na kusahau jambo hilo moja. Ndiyo maana naanza na kazi ya bwawa kabla ya hema na viatu.

## Hatua ya 1: Jua bwawa linafanya kazi gani

Tafuta majibu ya maswali mawili. Maji haya ni ya nani? Yanakwenda wapi?

Bwawa la maji ya kunywa ndilo lenye masharti makali zaidi. Mara nyingi kuogelea hakuruhusiwi kabisa, wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi kugusa maji, na injini za mashua zina mipaka yake. Bwawa la Dillon huko Colorado, Marekani, liko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700 na hupeleka maji Denver kupitia handaki la kilomita 37 hivi lililochimbwa chini ya milima. Mashua zinaruhusiwa humo, kuogelea hakuruhusiwi. Mtu aliyefunga safari na taulo bila kusoma masharti anaishia kuyatazama maji kutoka ufukweni. Katse nayo, katika nyanda za juu za Lesotho, ina ukuta wa mita 185 uliokamilika mwaka 1996, na maji yake hupita kwenye mahandaki hadi Afrika Kusini, yakifua umeme njiani. Maji unayoyaona mlimani yana wenyewe kilomita nyingi kutoka hapo, na masharti unayokutana nayo getini yamewekwa kwa ajili yao.

Bwawa la umeme lina tabia nyingine. Kina chake hubadilika kwa majira, na katika mabwawa madogo hata kwa saa. Chukua Grande Dixence nchini Uswisi, ukuta wa mita 285 uliokamilika mwaka 1961. Bwawa hilo hupokea maji ya theluji na barafu inayoyeyuka na kujaa mwishoni mwa Septemba, kisha maji hutolewa majira ya baridi yote, hadi kufikia Aprili yamepungua kabisa. Anayekwenda Aprili akifuata picha ya Septemba atakuta bonde la mawe na tope. Bwawa la umwagiliaji hufuata shamba: hujaa wakati mimea haina haja nalo na hupungua haraka ukame unapokaza, yaani wakati ule ule ambao wengi wetu tuna likizo.

Majibu haya hupatikana kwa mamlaka inayoendesha bwawa. Wengi huchapisha kina cha maji kila siku au kila wiki. Ikiwa hawachapishi, piga simu, na usione haya kuuliza maswali ya mtu asiyejua. Mimi huuliza kina kikoje leo na kinaelekea wapi, gati la kushushia mashua bado linafika majini, kuogelea na kupiga kambi vinaruhusiwa upande gani, kibali cha kuvua hutolewa na nani, na kama kuna siku mageti yamepangwa kufunguliwa. Dakika tano za simu huokoa siku nzima ya safari.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa kufuata maji

Wengi huchagua tarehe kwa hali ya hewa peke yake. Kwenye bwawa, kina cha maji kina uzito ule ule.

Bwawa likijaa, maji hugusa majani na miti, ufukwe ni imara, na kushusha mashua ni rahisi. Likipungua, hubaki mkanda mtupu kati ya mstari wa majani na maji, ambao kwenye miteremko mikali unaweza kuwa na urefu wa makumi ya mita. Mkanda huo una hatari ambazo picha haionyeshi. Juu unaonekana umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, lakini chini ya ganda hilo mara nyingi kuna tope laini lililoletwa na mito, linaloweza kummeza mtu hadi mapajani. Sehemu mbaya zaidi ni pale mto unapoingilia bwawa, kwa sababu ndipo mchanga na tope hutua. Ukilazimika kushuka hadi majini, pita penye mawe au changarawe, pima kwa fimbo kabla ya kuweka mguu, na usimtangulize mtoto. Aliyezama topeni asivutane nalo kwa kusimama. Aegemee nyuma, atandaze uzito wake, atoe mguu mmoja polepole kisha mwingine, na arudi alikotoka kwa kutambaa.

Maji yakishuka pia huleta juu vitu vilivyozamishwa: visiki, kuta, nguzo, barabara za zamani. Katika bwawa la Reschen, kaskazini mwa Italia, mnara wa kengele wa kanisa la kale bado umesimama ndani ya maji tangu kijiji kilipofunikwa mwaka 1950. Mnara huo unaonekana na watu husafiri kwenda kuupiga picha. Katika mabwawa mengi kilichozamishwa hakionekani, na kisiki kilichokuwa mita tano chini mwezi uliopita leo kinaweza kuwa kiganja kimoja chini ya mashua yako. Kwa hiyo sehemu uliyoogelea salama mwaka jana ichunguze upya mwaka huu. Na usipige mbizi ya kichwa kwenye bwawa lolote, hata ukiona wenzako wakifanya hivyo.

Majira yangu ya kupendelea ni wiki chache baada ya bwawa kufikia kilele chake na kabla halijaanza kutumika sana. Maji yamepata joto kidogo na ufukwe ni mzuri. Katika nchi zenye baridi kali, watu hutembea juu ya bwawa lililoganda. Hapo nina msimamo mkali: barafu ya bwawa si sawa na barafu ya ziwa. Maji yakitolewa chini yake, barafu hubaki ikining'inia na kupasuka kandokando ya ufukwe, hata ikiwa nene. Bila ruhusa ya waendeshaji wa bwawa, usiikanyage.

## Hatua ya 3: Andaa mwili kwa mwinuko

Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukiacha nyuzi 30 chini na kupanda mita 2,000, tarajia takriban 17, na usiku chini ya hapo sana. Miale ya jua inayochoma ngozi nayo huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na maji huirudisha usoni kutoka chini. Watu huungua chini ya kidevu na ndani ya pua huku wakihisi baridi, kwa sababu mwili huchukulia ubaridi wa hewa kuwa dalili kwamba jua ni dogo.

Ikiwa bwawa liko juu ya mita 2,500, baadhi ya watu huanza kuumwa kichwa, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida. Kijana mwenye nguvu hana kinga zaidi ya mzee. Lala usiku mmoja kwenye mwinuko wa kati ukiweza, fanya kazi nyepesi siku ya kwanza, kunywa maji, achana na pombe. Dalili zikianza, usipande zaidi. Zikizidi, shuka, hata kama ni usiku na hata kama umeshalipia kambi. Mtu anayeyumba akitembea, anayechanganyikiwa, au anayehema akiwa amekaa tu, ateremshwe mara moja na apelekwe kwa daktari.

## Hatua ya 4: Funga mzigo

Orodha za mtandaoni huwa ndefu mno. Vitu vifuatavyo ndivyo ambavyo siondoki bila hivyo:

- Jaketi okozi la saizi ya kila mtu. La mtoto liwe la mtoto, lenye mkanda unaopita kati ya miguu ili lisimvuke kichwani.
- Kamba inayoelea, mita 15 au 20, ndani ya mfuko wa kurushia.
- Nguo kamili za akiba, zikiwemo kofia ya sufu na soksi, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mfuko huu haufunguliwi mpaka mtu alowe.
- Koti la mvua na kizuia upepo, hata asubuhi ikiwa safi kabisa.
- Kipenga kilichofungwa kwenye jaketi. Sauti ya mtu huisha haraka majini, lakini kipenga huendelea kusikika.
- Tochi ya kichwani, ramani ya karatasi, kipimajoto kidogo, na sanduku la huduma ya kwanza.

Kipimajoto ndicho kitu kidogo kilichobadilisha zaidi uamuzi wangu majini. Pamba iache nyumbani, au iwe ya ndani ya gari tu, kwani ikilowa hushika maji na kukunyonya joto. Sufu huendelea kukupa joto hata ikilowa, na nguo za nyuzi za plastiki hukauka upesi.

Mtandao wa simu katika mabonde haya hukatika bila taarifa. Mwachie mtu asiyesafiri nawe maandishi: unakwenda bwawa gani, upande gani, gari la namba gani, utarudi saa ngapi, na saa ngapi aite waokoaji akikukosa. Saa hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau kuiandika, na bila hiyo aliyebaki nyumbani hukaa akisitasita.

## Hatua ya 5: Saa ya kwanza ukifika

Usishushe mashua wala usivue nguo. Tembea kwanza.

Tafuta ukuta wa bwawa uko wapi na njia ya kumwagia maji ya ziada iko upande gani. Tafuta mnara au kingo za zege zinazoonyesha mahali maji yanapovutwa kuingia kwenye bomba. Mara nyingi kuna mstari wa maboya mbele ya maeneo hayo, na mstari huo ndio mpaka wako. Maji karibu na mdomo wa kumwagia yanaweza kuonekana yametulia kama kioo huku yakiongeza kasi chini yake, na mtu akitambua kwamba anavutwa huwa hana tena nguvu za kushindana nayo. Baadhi ya mabwawa yana shimo la mviringo lililosimama katikati ya maji kama faneli. Hilo nalo ni la kumwagia. Pasipo na maboya, mimi sikaribii ukuta kwa chini ya mita 200.

Kisha tazama chini ya ukuta, kwenye mto. Eneo hilo huwavutia sana watu kwa sababu lina mawe makubwa, vidimbwi safi na kivuli. Lakini mitambo ya kufua umeme ikiwashwa au mageti yakifunguliwa, mto unaweza kupanda ndani ya dakika chache, siku yenye jua na bila tone la mvua. Kama kuna king'ora, soma bango linaloeleza maana ya mlio wake. Kwa jumla familia isitandike mkeka kwenye kisiwa au changarawe katikati ya mto ulio chini ya bwawa. Sijui njia yoyote ya kufanya jambo hilo liwe salama.

Mwisho, angalia rangi ya maji. Utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika, au povu la kijani kibichi lililokusanyika upande upepo unakoelekea, huenda ni mwani wa kijani-buluu. Baadhi ya aina za mwani huu hutoa sumu, na mbwa hufa kwa kuyanywa maji hayo au kulamba manyoya yaliyolowa. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Ukiona dalili hizo, usiingie, usinywe, na uwaarifu waendeshaji wa bwawa.

## Hatua ya 6: Kuingia majini

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu hufa.

Jua likiwa kali, maji ya juu hupata joto na kuelea juu ya maji mazito ya chini. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo baridi hujificha vilindini. Unaweza kuogelea kwenye tabaka la kupendeza la mita mbili tatu, ukateremsha miguu na kugusa baridi ya kukata pumzi. Upepo nao hupanga upya mambo. Ukivuma siku nzima husukuma maji ya vuguvugu hadi ufukwe wa mbali, na upande unakotoka maji baridi huinuka kuchukua nafasi. Siku moja nilipima pande mbili za bwawa lile lile mchana ule ule, na ufukwe uliokuwa mzuri zaidi kwa macho ndio uliokuwa na maji ambayo nisingemruhusu mtu kuogelea. Pima pale pale unapoingia.

Maji yakiwa chini ya nyuzi 15, mwili uliotumbukia ghafla huvuta pumzi kwa nguvu bila hiari, kisha hupumua mbiombio kwa dakika moja hivi au mbili. Pumzi ile ya kwanza ikivutwa uso ukiwa chini ya maji, mtu huzama papo hapo, hata awe mwogeleaji hodari. Akivuka hapo, mikono na miguu huanza kulegea ndani ya takriban dakika kumi. Mwili wenyewe hupoa hadi kupoteza fahamu baadaye sana, mara nyingi baada ya nusu saa au zaidi. Kwa mpangilio huo utaona kwamba jaketi okozi ndilo linalokupa nafasi ya kufikia hatua ya kupoa na kuokolewa. Bila hilo, hatua mbili za kwanza hummaliza mtu kabla baridi yenyewe haijaanza kazi.

Kwa hiyo ingia kwa miguu, polepole, ukijimwagia maji shingoni na usoni. Kaa kwenye kina cha kifua mpaka pumzi itulie. Ogelea sambamba na ufukwe, kamwe usivuke kwenda upande wa pili. Weka mtu wa kukuangalia ambaye hafanyi kazi nyingine. Ukitumbukia bila kutarajia, usianze kuogelea. Lala chali, inua kidevu, tandaza mikono, elea mpaka pumzi irudi mikononi mwako, ndipo uamue uende wapi. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwenye bwawa la milimani siufuati msemo huo: ukishavua nguo na kipimajoto kikakuonyesha nyuzi 9, vaa tena, utakuwa umefanya uamuzi wa mtu mzima.

Kuhusu kayaki, ubao wa kusimamia na mitumbwi midogo, jambo kubwa ni upepo. Mchana, miteremko ikipata joto, hewa hupanda bonde. Jioni hewa iliyopoa hushuka. Ukuta wa bwawa hujengwa upande wa chini wa bonde, kwa hiyo siku ya kawaida upepo wa mchana hukusukuma mbali na ukuta, na upepo wa jioni hukusukuma kuuelekea, wakati ambapo mikono imechoka na mwanga unapungua. Safari yangu moja ya mwanzo nilianza saa sita mchana karibu na ukuta, nikapaa na upepo mgongoni kwa muda mfupi sana, nikajisifu kwa kasi yangu. Kurudi kulinichukua saa tatu dhidi ya mawimbi, nikiwa na mgeni aliyekuwa akitetemeka. Tangu siku hiyo huingia majini alfajiri, huanza kwa kwenda dhidi ya upepo, hupiga makafi kando ya ufukwe badala ya katikati, na hugeuza nikiwa nimetumia theluthi moja ya muda wangu, bila kujali nimefika wapi.

Jaketi livaliwe na lifungwe. Lililowekwa chini ya kiti halivaliki ukiwa majini na vidole vimekufa ganzi. Fanyeni zoezi la kupinduka na kupanda tena mkiwa karibu na ufukwe, kabla ya safari ndefu. Anayeshindwa kupanda kwenye maji tulivu hataweza kwenye mawimbi, na ni heri mjue hilo mkiwa kwenye kina cha kiuno.

Radi ikisikika, toka. Kila sekunde tatu kati ya mwanga na ngurumo ni takriban kilomita moja. Zikiwa chini ya sekunde 30, uwe tayari ndani ya gari au jengo, na subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Milimani mawingu hujengeka haraka baada ya adhuhuri, hiyo ikiwa sababu nyingine ya kupenda asubuhi.

## Hatua ya 7: Kuvua

Mvuvi aliyezoea maziwa hupoteza muda mwingi kwenye bwawa akitafuta magugu ya pembeni. Mara nyingi hayapo, kwa kuwa kina kinachopanda na kushuka hakiyaachi yakue, na pasipo magugu wadudu wa majini nao ni wachache ufukweni. Samaki hula kinacholetwa. Simama basi upande upepo unakopeleka mawimbi, kwani huko ndiko wadudu waliopeperushwa hukusanywa, au pale mto unapoingia na maji baridi yenye hewa nyingi. Samaki jamii ya trauti hushuka chini jua likipanda na hurudi juu alfajiri na jioni. Bwawa lililojaa majuzi na kufunika majani makavu hustahili kuvuliwa kandokando kabisa, mita moja au mbili kutoka ufukweni, kwa sababu minyoo na wadudu wa nchi kavu wamezamishwa hapo.

Kibali, ukubwa wa samaki anayeruhusiwa na aina ya chambo husomwa kwenye masharti ya bwawa husika. Chambo hai kilichobaki usikimwage majini, maana kinaweza kuwa kiumbe asiyekuwepo humo.

## Hatua ya 8: Kulala

Hema lipigwe juu ya alama ya ujazo kamili. Utaitambua kwa mstari ambapo mkanda mtupu unakoma na majani ya kudumu yanaanza. Ufukwe wa chini ya mstari huo ni tambarare na unavutia, lakini ni sakafu ya bwawa iliyoachwa wazi kwa muda tu. Epuka pia kijito kikavu na shimo la bonde, kwa sababu hewa baridi hutiririka na kutuama hapo usiku. Kupanda hatua chache tu mlimani hukupa usiku wenye joto zaidi.

Mahali pasipo na vyoo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 au zaidi kutoka majini, na upime umbali huo kuanzia alama ya ujazo kamili. Ukipima kuanzia maji yalipo leo, wiki chache zijazo choo chako kitakuwa ndani ya maji ya kunywa ya watu. Kosa hili nimeliona kwa watu waangalifu kabisa, waliopima hatua zao vizuri kutoka mahali pasipofaa. Vyombo na mwili vioshwe mbali na maji vilevile, hata kwa sabuni inayosemekana kuoza yenyewe.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja, na juu ya mita 2,000 kwa dakika tatu, kwani huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda: takriban nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Chakula nacho huchelewa kuiva kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo beba gesi ya ziada. Napendekeza jiko la gesi kuliko moto wa kuni, hata panaporuhusiwa. Moto ukiunguza mteremko, mvua ijayo hushusha majivu na udongo moja kwa moja ndani ya bwawa.

## Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Mwenzako akiwa taabani majini, usimrukie. Piga kelele aelee, mrushie kamba au chochote kinachoelea, mnyooshee kafi au tawi ukiwa umelala chini ufukweni. Waokoaji wa ghafla wasio na kifaa mara nyingi huwa wahanga wa pili. Mashua ikipinduka mbali na ufukwe, kaeni nayo. Inaonekana kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu, na kupanda juu yake hata nusu ya mwili hupunguza sana kupoa, kwani maji hunyonya joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Mkishindwa kupanda, vuteni magoti kifuani na msogeleane.

Aliyetolewa majini akitetemeka: mkinge na upepo, mvue nguo zilizolowa, mkaushe kwa kumgusagusa bila kusugua, mvike nguo za ule mfuko wa akiba, funika kichwa, pasha joto kifua na kwapa. Kinywaji cha moto chenye sukari kinafaa ikiwa ana akili timamu na anameza vizuri. Pombe hapana. Akiacha kutetemeka huku akizungumza bila mpangilio, hali imezidi kuwa mbaya. Mlazeni, msimtembeze, iteni msaada.

## Hatua ya 10: Kuondoka

Mwaka 2007 kome wadogo jamii ya quagga, wenye asili ya maeneo ya Bahari Nyeusi, waligunduliwa katika Ziwa Mead, bwawa kubwa la mto Colorado. Tangu hapo wameziba mabomba na kung'ang'ania kuta katika mabwawa mengi ya magharibi mwa Marekani. Makinda yao hayaonekani kwa macho na husafiri ndani ya maji yaliyobaki kwenye mashua. Kwa hiyo kabla ya kutoka ufukweni, ondoa kila jani na tope, mwaga maji yote yaliyobaki kwenye kayaki, ndoo na buti, na nyumbani kausha kila kitu kabisa kabla ya kuingia kwenye maji mengine. Nyavu na nyayo za buti ndizo husahaulika.

Takataka zote zirudi nawe, pamoja na nyuzi za mishipi zilizokatika, ambazo hufunga miguu ya ndege. Barabarani tumia gia ndogo wakati wa kushuka, ili breki zisichemke, na kama umepiga makafi tangu alfajiri, mpe usukani mwingine au pumzika kwanza. Mtandao ukirudi, simama pembeni na umpigie yule uliyemwachia maandishi, kabla saa uliyomwandikia haijafika.